Mipini iliyolegea: kisa cha mhunzi wa Makorora na mbao za bei nafuu

Visu thelathini vilitoka kwenye karakana ya mhunzi mmoja wa Makorora, Tanga, kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Chuma chake kilikuwa pleti za springi za gari zilizofuliwa upya, na mipini ilikuwa ya mninga. Vingi vilinunuliwa na vijana wanaopara samaki pale soko la samaki la Deep Sea, vichache vikaenda Muheza kwa wamenya machungwa. Kaskazi ilipokolea, visu vikaanza kurudi. Chuma hakikuwa na kasoro: kilikata, kilishika makali, hakikupinda. Tatizo lilikuwa mpini. Ukikitikisa kisu mkononi ulisikia chuma kikigonga ndani ya mti.

Mhunzi alikuwa na haki ya kuudhika. Mninga ni mbao inayoheshimika pwani na bara, na aliilipia zaidi ya alivyozoea kulipia mbao yoyote ya mpini, akiamini kwamba amenunua heshima hiyo. Mteja wa Deep Sea naye hatoi bei ya kisu cha hoteli. Akienda dukani anapata kisu cha mpini wa plastiki kwa pesa kidogo, na kinachomrudisha kwa mhunzi ni chuma kinachonoleka. Kwa hiyo gharama ya mbao haiwezi kupandishwa juu ya mteja. Mhunzi alinijia akitaka jina la mti: mti upi ni rahisi kuliko mninga na imara kuliko mninga? Mimi ni seremala, tunafahamiana, na nilimwomba kwanza tuipasue mipini iliyorudi kabla ya kutaja mti wowote.

Tulichokikuta ndani

Mipini mingi ilikuwa ya kuchomeka. Msuka, ile ncha ya chuma inayozama ndani ya mpini, hupashwa moto hadi uwe mwekundu, kisha hugongwa ndani ya mti na kujichomea tundu wenyewe. Ni njia ya zamani, ya haraka, na mti mkavu huivumilia. Katika mipini hii tundu lilikuwa na ukuta mnene wa mkaa. Mhunzi alikumbuka kwamba msuka ulikuwa unapoa kabla haujazama, ikabidi aurudishe motoni mara kwa mara. Kumbukumbu hiyo peke yake ilitosha kunitia shaka. Chuma chekundu hupoa upesi hivyo kikikutana na maji, na kila kinaporudishwa hula mti zaidi. Mkaa haushiki kitu. Kisu kikifanya kazi wiki chache, mkaa husagika na msuka hubaki unacheza.

Noleo, ile pete ya chuma shingoni mwa mpini, lilikuwa linazunguka kwa kidole. Mti ulikuwa umesinyaa ndani yake. Na mipini kadhaa ilikuwa na ufa mrefu uliofuata nyuzi kuanzia kwenye tundu hadi mwishoni. Hapo mti ulitaka kusinyaa, chuma katikati yake kikakataa, na mti ukapasuka. Kwenye visu vichache vya mipini ya bapa mbili zilizopigwa ribiti, yaani vipande vya waya vinavyopenya mti na chuma na kufuliwa ncha, kingo za chuma zilikuwa zimejitokeza nje ya mbao na vichwa vya ribiti vimesimama, vinakwaruza kiganja. Mahali ambapo mpini ulikuwa na ile sehemu nyeupe ya nje ya mti tulikuta matundu madogo na unga laini: bungua walishaingia. Kiini cha mninga hakiwapendezi bungua, lakini weupe wake wanaula kama mkate.

Dalili zote hizi zinaelekea sehemu moja. Mbao mbichi haianzi kusinyaa mpaka maji yake yashuke chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu. Kutoka hapo husinyaa mpaka ilingane na hewa ya mahali ilipo, na kwa hewa nzito ya Tanga hiyo ni karibu asilimia 14 hadi 16. Tulichukua kipande kilichosalia kwenye gogo lilelile alilonunua, tukakipima kwenye mzani wa duka, tukakikausha taratibu ndani ya jiko la kuokea mpaka uzito ukaacha kushuka, tukapima tena. Hesabu yake ni rahisi na kila fundi anaweza kuifanya: kipande cha gramu 130 kikibaki gramu 100, kilikuwa na maji ya asilimia 30. Chetu kilizidi hapo, na gogo lilikuwa limeshakaa karakanani miezi. Siku mipini ilipochongwa, mti ulikuwa mbichi kabisa.

Mninga basi haukuwa na kosa. Ukiwa mkavu ni miongoni mwa mbao zinazotulia kuliko zote tulizonazo, haujikunji wala haufuati majira. Ila ubichi hauheshimu jina.

Kilichonishawishi zaidi kilikuwa kisu kimoja ambacho hakikurudi kwa malalamiko, kilirudi kunolewa tu. Mhunzi alipoishiwa mninga alikuwa ameokota mguu wa kiti kilichovunjika, akaukata na kuutia mpini. Hakuna aliyejua ni mti gani. Ulikuwa wa kahawia iliyokolea, wenye nyuzi zilizonyooka, na kiti chenyewe kilikuwa cha zamani. Msuka wake ulichomwa kwa njia ileile, moto uleule, noleo la bomba lilelile, na mpini ulikuwa umekaza kama siku ya kwanza. Tulipoupasua, ukuta wa mkaa ulikuwa mwembamba kama karatasi.

Nikamwambia mhunzi aache kutafuta jina. Atafute mti uliokwisha kukauka, na ajue ulikuwa wapi kabla ya kumfikia yeye. Mambo hayo mawili yalibeba kazi yote iliyofuata, na la pili ndilo gumu zaidi.

Mbao zilizokuwa karibu

Ya kwanza kutajwa ilikuwa mashua kuukuu iliyolala ufukweni Sahare, ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuitoa kwa bei ya kuni. Inavutia. Mbao za mashua huwa ngumu, mkongo au mtondoo, na mtu hujiambia kwamba kilichokaa baharini miaka yote bila kuoza hakitaoza mkononi mwa mpara samaki. Nilimkataza. Mbao hiyo imeshiba chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani mara tu unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75 hivi. Tanga hewa hufika hapo usiku kwa usiku. Mpini wa mbao hiyo utaloa gizani na kukauka kidogo mchana, kila siku, na chuma cha springi hakina kinga yoyote dhidi ya kutu. Kitaliwa ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, mpaka siku msuka utakapokatika mtu akiwa anapasua kichwa cha kolekole.

Kuna jambo jingine ambalo wasio watu wa pwani hawalijui. Mashua hupakwa sifa, mafuta ya papa, miaka nenda rudi, na chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Gundi haishiki juu ya mafuta hayo, na harufu ya sifa ikipata joto la kiganja huamka upya. Kisha kuna misumari: kila ulipopita msumari, kutu imezila nyuzi za mti pande zote za tundu, na kipande kinachoonekana kizima hubomoka kwenye tupa. Vipande vyembamba vinaweza kulowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi na kubadilishiwa maji tena na tena, chumvi ikapungua, lakini sifa haitoki kwa maji. Mbao ya mashua ifanyeni benchi, rafu, fremu ya picha, na itapendeza sana. Kwenye kisu hapana.

Mapaleti ya bandarini yalichukua muda mfupi zaidi. Paleti la biashara ya kimataifa huwa na mhuri. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30, na hiyo ni salama. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, sumu ya wadudu, na sitaki kuiona karibu na chakula. Lakini hata lenye HT kwa kawaida ni msonobari, mbao laini, na ukucha unaacha alama. Lifae kwa kutengenezea sanduku la kuhifadhia visu.

Vipande vya nguzo za umeme vikatazwe kabisa. Ile rangi ya kijani ndani yake hutokana na dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na ukiisugua kwa msasa unaivuta kifuani. Mataruma ya mbao ya reli yamelowekwa kreosoti, dawa nyeusi inayochoma ngozi, achilia mbali kwamba ni mali ya reli. Nimewaona vijana wakisifu mbao hizo kwa uzito wake, na kila mara naogopa kwa ajili ya mapafu yao na ya watakaokula samaki waliokatwa kwa kisu hicho.

Boriti za mikandaa, aina ya mikoko, kutoka nyumba za udongo zilizovunjwa zilistahili kufikiriwa vizuri. Ni kavu, ni nzito sana, na zimekaa juu ya moshi wa jikoni miaka mingi. Kukata mikoko mibichi bila kibali ni kosa, kwa sababu misitu ya mikoko ni hifadhi, lakini boriti iliyotoka kwenye paa la nyumba ya mtu ni mali yake na aandike hati ya kuiuza. Kasoro yake ni kwamba boriti ni mti mzima wa mviringo, wenye moyo katikati, na mti wa namna hiyo hukauka kwa kupasuka kuanzia moyoni kwenda nje. Kati ya nyufa utapata vipande vya kisu kidogo, si zaidi. Mikandaa pia ina tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma chenye maji huwa nyeusi kama wino. Mwenye kujali sura ya kisu hatapenda.

Miti ya matunda ya Muheza tuliijadili kwa sababu ya bei yake: matawi ya mchungwa mkongwe na mpera hutolewa karibu bure shamba linaposafishwa. Yote miwili ni migumu, ina nyuzi zilizobanana na hung'ara vizuri kwenye msasa. Mpera hasa umekuwa ukitiwa kwenye majembe tangu zamani. Lakini ni mbichi, na hapo tunarudi kwenye ugonjwa uleule. Anayetaka kuitumia aipasue mapema katikati ya moyo, apake nta au rangi kwenye ncha ili maji yasikimbilie huko na kupasua, aiweke kivulini penye upepo, mbali na tanuri la uhunzi, na asubiri. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Vipande vya mpini, kwa kuwa ni vifupi, huwahi zaidi. Mzani ndio utakaosema: uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, mti umetulia. Mwembe na mkorosho pia vilitajwa. Mbao ya mwembe si mbaya ikikaushwa, ila miti hii ni ndugu na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine vibaya, kwa hiyo mkorosho niliuacha na mwembe nikashauri uguswe kwa tahadhari.

Mabaki ya mtiki ndiyo yaliyonipa mashaka ya kweli, maana ni mazuri. Msitu wa mitiki wa Longuza uko Muheza, na watengeneza samani wa Tanga hubaki na vipande vifupi vinavyoishia jikoni. Mtiki hauogopi maji, haujikunji sana, na mkono huupenda. Tatizo ni mafuta yake ya asili. Gundi ya epoksi itaushika tu ukiufuta kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundisha, na punje za silika zilizomo ndani yake hula meno ya msumeno. Pia mitiki mingi inayouzwa sasa ni michanga, yenye weupe mwingi, na karakana nyingine huchonga ikiwa bado na maji. Niliuweka wa pili.

Wa kwanza ulikuwa mlango.

Miimo ya Ngamiani

Nyumba ya zamani ilikuwa inavunjwa Ngamiani ili ijengwe ghorofa, na miimo ya milango ilikuwa imetupwa pembeni pamoja na matofali. Chini ya rangi ilionekana mvule. Mwenye nyumba aliiuza kwa bei ambayo mhunzi hakuamini, na aliandika karatasi. Nilitamani sana mafundi wengi wa Tanga wawe na mazoea ya kupita kwenye nyumba zinazovunjwa kabla ya wauza kuni. Kila mwezi mbao zilizokauka kwa miongo mingi zinageuka majivu chini ya sufuria, huku mtu mwingine akikata mti ulio hai. Na mti ulio hai umekuwa haba: mpingo umo kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, na mwaka 2022 mkutano wake wa Panama ukaongeza mninga na mkongo wa Afrika.

Hatari ya miimo ni rangi. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo hatukuchoma rangi kwa moto wala kuipiga msasa mkavu. Miimo ilipelekwa nje, mbali na watoto, ikaloweshwa kwa kitambaa, na sehemu ya rangi ikaondolewa kwa randa ya mkono pamoja na mbao kidogo chini yake. Maranda yote yalikusanywa kwenye mfuko na hayakuwekwa jikoni wala bandani kwa kuku. Kabla ya msumeno tulipitisha sumaku juu ya kila uso, na ilitulipa: misumari iliyokatwa vichwa zamani ilikuwa imejificha chini ya rangi. Mvule wakati mwingine huwa na mawe ya chokaa ndani ya mwili wake, na hayo sumaku haiyaoni, ndiyo maana nilimwomba asitumie msumeno mpya siku hiyo. Vumbi la mvule huwasha pua na koo, hivyo kitambaa usoni kilikuwa lazima.

Ukataji ulifuata nyuzi. Mti husinyaa na kutanuka karibu mara mbili zaidi kufuata duara za ukuaji kuliko kukata kutoka moyoni kwenda nje. Kwa mpini wa bapa, duara zisimame wima dhidi ya chuma, ili mwendo uliobaki uende kwenye unene na usiende kwenye upana ambako ribiti zimeushika. Vipande ambavyo nyuzi zake zilikatiza mpini kwa mshazari vilitengwa, hata kama vilikuwa na sura nzuri kuliko vingine. Hapo mhunzi aliona uchungu, kwa sababu vipande vyenye mawimbi ndivyo vinavyovutia macho.

Tulibadili pia namna ya kuingiza msuka. Tundu lilitobolewa kwa keekee, jembamba kuliko msuka, kisha msuka ukapashwa joto kidogo, usifike wekundu, na kutumika kusawazisha kuta tu. Mkaa ulikwanguliwa. Epoksi ikajaza nafasi iliyosalia na noleo likagongwa mwisho. Epoksi ni gharama, lakini inatumika kidogo mno kwa kila kisu, na pesa iliyookolewa kwenye mbao iliilipa.

Kuhusu mafuta, mazoea ya pwani ni kupaka ya nazi. Mpini unapendeza siku hiyo, lakini mafuta ya nazi hayakauki kuwa ngozi; yanabaki mafuta, yanavuta uchafu, na mpini unateleza mkononi uliojaa maji ya samaki. Tulitumia mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, kwa tabaka nyembamba, kila moja likiachwa likauke kabisa, na mwisho nta ya nyuki ikasuguliwa kwa kitambaa. Onyo moja lisipuuzwe kwenye karakana yenye tanuri: kitambaa kilicholowa linsidi kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto chenyewe na kinaweza kuwaka. Kitandazwe nje au kizamishwe kwenye ndoo ya maji.

Visu vilivyorejea baada ya masika

Kundi la pili lilikwenda kwa wateja walewale na likapitia mvua zote. Visu vilipoletwa kunolewa tulivikagua. Mipini ya mvule haikulegea, manoleo hayakuzunguka. Mipini miwili ya mpera, ambayo mhunzi alikuwa na haraka nayo kuliko mzani, ilipata nyufa nywele kwenye kitako. Vijana wa Deep Sea walikuwa na lalamiko moja ambalo sikulitegemea: mipini ilikuwa laini mno. Mkono wenye magamba na utelezi unahitaji kitu cha kung'ang'ania, kwa hiyo sasa mhunzi anaishia kwenye msasa wa namba 120 kwa visu vya samaki, na analainisha zaidi vile vya Muheza tu, ambako mmenyaji anashika kisu siku nzima na kiganja chake kinaota malengelenge.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni ribiti. Alitumia waya wa alumini kwa kuwa ni rahisi kufua, na kwenye maji ya chumvi alumini iliyogusana na chuma huliwa yenyewe kwanza. Unga mweupe umeshaonekana kwenye vichwa vya baadhi. Shaba ingegeuza mambo: chuma kingeliwa badala yake, polepole, kuzunguka kila tundu. Kwa kundi lijalo anajaribu misumari ya chuma ya kawaida iliyokatwa na kufuliwa, ili metali zote mbili ziwe za ukoo mmoja, na kwa visu vya bei ya juu vipande vya fimbo ya chuma kisichoshika kutu, ambavyo kwenye springi iliyofuliwa vizuri vinahitaji kufunikwa na epoksi pande zote kabla ya kugongwa.